Mpira Ukiwa Juu Unaitwaje?

Neno la kwanza la kriketi nililolisikia nilidhani ni la kwetu. Ilikuwa jioni moja ya mwaka 2014, ndani ya kambi ya askari wa Pakistan wa Umoja wa Mataifa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mimi nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya ukalimani. Askari walikuwa wanacheza kwenye changarawe, kati ya mahema na magari meupe. Mmoja akaupiga mpira, ukapanda juu sana, na watu kama kumi wakapaza sauti pamoja: "Hawa me! Hawa me!" Nikageuka kutazama mlangoni. Nilisikia "hawa", nikataka kujua hawa ni akina nani. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kapteni aliyekaa kando yangu aliniona nikigeuka. Akanyosha kidole juu, kisha akavuta pumzi kwa nguvu puani ili nielewe. Hewa. Neno ni lile lile, wao na sisi tulilipata kwa Waarabu, kila mmoja kwa njia yake, na sasa lilikuwa limekutana tena kwenye changarawe ya Bukavu. "Hawa me" maana yake uko hewani. Nikalipenda neno lile papo hapo, na nadhani ndilo lililonifanya nirudi pale kila jioni baada ya kazi, mimi ambaye tangu utoto sikujua mchezo mwingine ila balo ya miguu.

Kwa asiyejua kriketi, niseme kwa nini mpira wa juu unapigiwa kelele namna hiyo. Mpigaji akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Lakini ukivuka mpaka wa kiwanja bila kugusa chini, anapata mbio sita, yaani alama sita, kwa pigo moja, na hakuna pigo linalozidi hapo. Basi kwa sekunde chache mpira mmoja una bahati mbili. Upande huu wanauombea uende, upande ule wanauombea ushuke, na hakuna anayeweza kuugusa. Kandanda hainipi kitu kama hicho. Hata penalti ni ya haraka mno.

Nikaanza kuandika maneno kwenye daftari. Kapteni alikuwa mtu wa subira, alikuwa akiniita "bai", yaani ndugu, na kila mpira ulipopanda alinitajia jina lake. Ndipo nilipogundua kwamba kwa Kiingereza mpira wa juu hauna jina moja. Unaopanda juu kabisa, kama unataka kutoboa mawingu, ni "skaya", kutoka neno lao la anga. Ukipanda wima, ukasimama juu ya vichwa vya watu, ni "stipla", kutoka mnara mchongoma wa kanisa. Ule unaoinuka kidogo na kurudi polepole, hata mtoto angeudaka, ni "doli". Ukikosa doli utaona haya wiki nzima. Na ule ambao ungeudaka hata wewe ukiwa umeketi chini, wao husema "sita", kutoka neno lao la kuketi. Mkumbuke hili la sita, nitalirudia.

Askari wenyewe, kwa Kiurdu, walikuwa na yao. Kuupiga mpira kwa nguvu zote bila hesabu, upande wowote utakaoenda, ni "lappa". Pigo la mbio sita ni "chaka". Hili nalo nililiandika nikitabasamu, kwa sababu kwetu chaka ni pori, na pale kambini machaka mengi yaliishia kweli kwenye majani nyuma ya uzio.

Kwa nini majina mengi hivyo? Nilimuuliza kapteni. Alinijibu kwamba mtu anayesubiri mpira hana muda wa kusikiliza maelezo, ana muda wa kusikia neno moja. Jibu hilo nililiandika pia, lakini ilinichukua miaka minne na jino la mtoto wa watu kulielewa.

Mwaka 2016 nilianza kucheza na watoto wa mtaani kwetu, upande wa Panzi. Kabla ya kurudi kwao, kapteni alikuwa ameniachia mipira ya tenisi na kunionyesha jinsi ya kuivingirisha sikochi, ule utepe unaonata wa mafundi umeme, mpaka iwe laini na nzito kidogo. Ni kriketi ya mitaa ya Karachi hiyo, imezaliwa huko kwa watu wasio na pedi wala kofia ya chuma. Mpira halisi wa kriketi wa wanaume una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe. Wa tenisi haufiki gramu 60. Kwa watoto wasio na glavu, hakuna kingine cha kutumia. Bati tulichongewa na fundi seremala wa Kadutu, kwa mti wa kalitusi, na la kwanza lilikuwa zito hata mimi lilinichosha mabega. Kiwanja chetu ni udongo mwekundu, kimeinama kama kila kitu Bukavu. Mpaka tuliuweka kwa mawe. Upande wa chini, mpira ukipita mawe, unaenda mpaka kwa mama mmoja muuza makaa, naye anauweka kwenye kapu lake mpaka mtu aende kumsalimia vizuri.

Watoto walikuwa kama kumi na wanne, wavulana na wasichana. Niliwafundisha maneno kama nilivyofundishwa: skaya, stipla, doli, sita. Waliyapenda kwa sauti yake, wakayaimba njia nzima wakirudi nyumbani. Nikafurahi, nikadhani nimefundisha.

Siku moja kijana wetu mmoja, tunamwita Murefu, alikuwa amesimama karibu na mawe. Mpira ukapigwa vibaya, ukainuka kidogo tu, ukamwendea moja kwa moja kifuani. Nikapiga kelele kwa furaha: "Sita! Sita!" Murefu akashusha mikono, akautazama ukipita begani mwake, ukaanguka hatua moja nje ya mawe. Watoto wote wa upande wa pili wakaanza kushangilia mbio sita. Nilimwendea kwa hasira.

"Mwanangu, kwa nini hukuushika?"

"Papa, si ulisema sita? Nilijua imeisha kupita."

Alikuwa na haki. Katika lugha yake, sita ni sita. Mimi nilikuwa nimempa neno linaloshusha mikono, pale alipohitaji neno la kuiinua. Jioni ile nilifuta "sita" kwenye daftari. Ningekuwa na akili zaidi ningefuta ukurasa mzima, lakini nilikuwa bado nayaona maneno ya Kiingereza kuwa ndiyo mchezo wenyewe.

Ajali ilikuja mwezi wa 9 mwaka 2018, mvua zikiwa zimeanza. Mpigaji wetu mdogo alipiga lappa, bati likaugusa mpira kwa ukingo wa juu, na ukapanda wima kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo. Mimi nilikuwa msimamizi, nimesimama katikati. Murefu alianza kukimbia kutoka kushoto. Msichana mmoja, wa miaka 12, mwepesi kuliko wote, alianza kukimbia kutoka kulia. Wote wawili macho juu. Wote wawili wakasema neno nililowafundisha kusema: "Yangu!" Kila mmoja alisikia sauti yake mwenyewe. Mpira ulianguka kati yao wakiwa tayari wako chini. Murefu alipasuka juu ya jicho, msichana alipoteza jino la mbele.

Niliwapakia kwenye pikipiki mbili mpaka kituo cha afya, nikalipa, nikaenda nao nyumbani mmoja mmoja. Mama wa msichana alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliniuliza tu:

"Papa mwalimu, wakati ile balo iko juu, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naiangalia, mama."

"Na kinywa yako?"

Sikuwa na jibu. Na hata leo ninapoandika haya, sina. Mpira ulikaa hewani muda wa kutosha kutaja jina la mtoto mara tatu. Mimi nilikuwa nimefurahi ulivyopanda.

Baadaye nilifanya hesabu. Mpira unaopanda mita 20 hukaa hewani sekunde kama 4, mbili za kupanda na mbili za kushuka. Hesabuni polepole: moya, mbili, tatu, ine. Ni muda mrefu sana, mtu anaweza kuamua mambo mengi. Lakini ule unaopanda mita 5 unakaa sekunde 2 tu, na huo hauna nafasi ya mazungumzo. Kwa hiyo jina la mpira si pambo. Linamwambia mdakaji ana muda gani. Hili ndilo kapteni alilonieleza siku ile, nami nikaliandika tu.

Tulikaa wiki tatu bila kucheza. Tuliporudi, mama yule alimruhusu binti yake, jambo ambalo sikulitarajia, akaja naye mwenyewe na kukaa kwenye jiwe la mpaka. Niliwaketisha watoto chini nikawaambia maneno ya zamani yamekwisha, tutafute yetu. Nilikuwa nimeandaa orodha yangu nyumbani. Karibu yote waliikataa.

Kwa ule unaopanda wima, mimi nilitaka "mnara". Wakasema hapana, mnara wanauona vitabuni. Wanachokiona kila siku juu ya vilima vyetu ni antene za simu. Ikawa "antene". Ule wa polepole unaoshuka kwa upole, wakauita "avoka", yaani parachichi, kwa sababu avoka iliyoiva ikianguka toka mtini hakuna anayeiacha ifike chini ipasuke. Hakuna neno lolote la kriketi, la Kiingereza wala la Kiurdu, ninalolipenda kuliko hili. Linakufundisha mpaka mikono: avoka huikamati kwa kuibana, unaipokea huku mikono ikirudi nyuma nayo. Ule wa mbali, unaopanda kwa mshazari na kwenda kwenye mawe, ni "ndege", na hapo wa katikati wanakaa kimya maana si wa kwao. Ule uliogongwa na ukingo wa bati, unaojizungusha hewani na kuhama ukiwa unashuka, ni "kizunguzungu". Ukisikia kizunguzungu usisimame mapema mahali unapodhani utaanguka, kwa kuwa hautaanguka hapo.

Ukabaki mpira ule uliowagonganisha, unaoshuka katikati ya wawili. Mvulana mmoja akasema tuuite "yatima", maana hauna mwenyewe. Wengine wakacheka, wakakubali. Yule msichana, na pengo lake, akasema bila kuinua sauti, "Hapana tuseme vile." Nikakumbuka, na wote wakakumbuka, ni wangapi kati yao hawakuwa na baba. Kimya kikapita. Kisha Murefu, akiwa na kovu jipya juu ya jicho, akasema: "Tuite Ruzizi. Iko katikati ya pande mbili." Basi ni Ruzizi, kama mto wetu wa mpakani na Rwanda, mpaka leo. Ukiitwa Ruzizi, wote wawili wanajua kwamba kuna mwenzake anakuja, na wanangoja jina.

Kanuni tuliyokubaliana ni fupi. Aliye karibu na mrushaji, mmoja tu, anataja aina ya mpira, kisha jina la mtoto. Aliyetajwa anajibu "Naona." Wengine wote wanafunga midomo, hata kama mpira uko juu ya kichwa chao. "Yangu" tuliipiga marufuku. Kila mtu anaitwa yangu.

Kapteni wangu alikuwa amekwisha kurudi kwao wakati huo, kikosi kingine kilikuwa kimekuja, kwa maana walikuwa wakikaa kama mwaka mmoja na kubadilishana. Lakini mambo mawili aliyonisimulia niliyahadithia watoto mara nyingi. La kwanza ni la fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 25 Juni 1983, uwanja wa Lord's, London. Viv Richards wa West Indies alikuwa anawachapa Wahindi atakavyo, akafika mbio 33, kisha akaupiga mmoja ukapanda juu sana. Kapil Dev, nahodha wa India, akaukimbilia akiwa ameupa mgongo, akiuangalia juu ya bega, akaudaka. India wakashinda kwa mbio 43. Mnajua India na Pakistan walivyo kwenye mchezo huu. Kapteni alinihadithia habari hiyo kwa heshima tupu, akiinuka kitini kunionyesha bega.

La pili aliniambia mara moja tu. Fainali ya kwanza ya dunia ya kriketi fupi, ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita), Johannesburg, tarehe 24 Septemba 2007, tena India na Pakistan. Pakistan walihitaji mbio 6 kwa mipira 4. Misbah-ul-Haq, ambaye alikuwa ametoka kupiga chaka katika ova ile ile, aliuchota mpira uende nyuma yake. Ukapanda, ukashuka mikononi mwa Sreesanth. Wakashindwa kwa mbio 5. Kapteni alisema walikuwa wengi chumbani wakitazama, na mpira ulipokuwa juu hakuna aliyesema hata "hawa me".

Kuhusu kudaka kwenyewe, nimebishana na watoto sana. Zipo njia mbili za mikono. Moja, vidole vinaelekea mbele, viganja vimefunguliwa kama unapokea maji ya bomba, mpira unashukia kifuani. Nyingine, ambayo Waaustralia wanajulikana nayo, vidole vinaelekea juu, viganja mbele ya paji la uso, unautazama mpira kati ya mikono. Mimi nafundisha ya pili kwa antene, kwa sababu jicho halihitaji kuuacha mpira. Kwa avoka nawaachia ya kwanza. Na kuhusu kukimbia, usijiulize utaanguka wapi. Uangalie tu. Ukiona mpira unazidi kupanda machoni mwako kwa kasi, utakupita, rudi nyuma. Ukiona kupanda kwake kunapungua na unaanza kuzama, utaanguka mbele yako, sogea. Ukiona unapanda kwa mwendo ule ule, uko mahali pake. Mmarekani mmoja, Seville Chapman, aliandika hesabu yake mwaka 1968 kwa ajili ya besiboli. Nilipoisoma nilishangaa, maana yule msichana wetu alikuwa akifanya hivyo hivyo bila hesabu.

Kitu kimoja nilikifundisha vibaya kwa muda. Nilikuwa nawaambia wapigaji, ambao huwa wawili kiwanjani, kila mmoja upande wake: mpira ukiwa juu, msisimame kuutazama, kimbieni mpishane, ili ukidakwa yule aliyebaki awe ndiye anayepokea mpira unaofuata. Ilikuwa kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 sheria imebadilika, mpigaji mpya ndiye anayekuja kupokea, wawe wamepishana au hawakupishana. Sisi tuliendelea na ya zamani karibu mwaka mzima, mpaka askari mmoja aliyepita kiwanjani akaturekebisha. Sasa nawaambia wakimbie kwa sababu nyingine: mpira unaweza kuponyoka.

Askari hao hawapo tena. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifunga kazi zake Kivu Kusini mwezi wa 6 mwaka 2024, na mimi kazi yangu ikaisha nao. Waliniachia bati mbili halisi na mfuko wa mipira. Mwaka 2025 tulikaa miezi bila kucheza, sababu yake kila mtu wa Bukavu anaijua. Watoto wengine walihama na wazazi wao, na wawili sijui habari zao mpaka leo.

Tuliporudi tulikuwa tisa. Murefu sasa ana sauti nzito na ndiye anayeita mipira, mimi nimepewa kazi ya kuhesabu mbio. Watazamaji, ambao zamani walikuwa mama mmoja juu ya jiwe, nao wamejifunza. Mpira ukishuka kutoka juu sana wanasema umekuja na mvua ya mawe. Watangazaji wa Kiingereza husema umeshuka na theluji, lakini theluji hapa nani ameiona?

Jumamosi iliyopita mtoto mpya, wa miaka 9, alisimama upande wa chini karibu na muuza makaa. Mpira ukapanda. Nilihesabu kimoyomoyo, moya, mbili, na nikahisi kinywa changu kinafunguka, nikakifunga.

"Antene!" akaita Murefu, kisha jina la mtoto.

Tatu.

"Naona," akasema mtoto, na wengine wote wakanyamaza.